Reli Iliyopanda Mlima kwa Hiari

Abiria aliyekata tikiti Bungoma akielekea Nairobi, enzi za gari la moshi, alikuwa na mlima mrefu mbele yake hata kabla hajapata pa kuketi. Mji wa Bungoma uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Eldoret uko kwenye mita 2,100 hivi. Kutoka Eldoret reli inapita Plateau, Kaptagat, Kipkabus na Ainabkoi, ikipanda tu, mpaka Timboroa, ambako njia inafika kileleni kwa mita 2,785. Hesabu yake haisahauliki: mita 700 hadi Eldoret, na karibu mita 700 nyingine hadi Timboroa. Baada ya hapo ndipo treni ilipopumua na kuanza kuteremka kuelekea Nakuru.

Stesheni ya Timboroa yenyewe ipo kwenye mita 2,743. Kwa miaka mingi ilitajwa kuwa stesheni iliyo juu kuliko zote katika himaya ya Waingereza, na baadaye katika Jumuiya ya Madola. Sifa hiyo iliwapendeza wageni. Kwa mabwana wa reli ilikuwa gharama ya kila siku: mafuta, maji, saa na jasho, mwaka baada ya mwaka. Tena gharama hiyo haikuletwa na maumbile ya nchi peke yake, kwani siasa nayo ilikuwa na mkono wake katika kuchagua mlima huo.

Njia ya masetla

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, jina lake lilikuwa kubwa kuliko urefu wake. Haikuwa imeingia Uganda. Ilikoma kando ya ziwa, na kutoka hapo abiria na mizigo walivushwa kwa meli. Na hata kufika hapo haikuwa kazi ndogo. Treni ilibidi ivuke ukingo wa Mau kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, kisha iteremke kuelekea ziwani ikipita juu ya madaraja ya chuma, 27 kwa jumla, yaliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, American Bridge Company.

Nyanda za Uasin Gishu zilibaki bila reli. Masetla waliogawiwa ardhi huko, Makaburu kutoka Afrika Kusini wakiwa wengi miongoni mwao, waliteremka stesheni ya Londiani, kisha wakaendelea kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe katika msitu na matope. Hadi leo Eldoret kunasimuliwa kisa cha kasha la fedha la benki lililoanguka kutoka kwenye gari la ng'ombe mwaka 1912. Lilikuwa zito mno kuinuliwa, kwa hiyo benki ikajengwa palepale lilipoangukia. Kiwe kweli tupu au kimetiwa chumvi, kisa hicho kinaeleza vizuri usafirishaji ulivyokuwa kabla ya reli.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliamua kujenga njia mpya kutoka Nakuru hadi Uganda. Ujenzi ulianza mwaka 1921, kazi ikakabidhiwa kampuni ya Griffiths. Eldoret ulifikiwa mwaka 1924. Tawi la kutoka Leseru hadi Kitale lilifunguliwa mwaka 1926, huku njia kuu ikiendelea kuteremka kupitia Turbo, Lugari, Webuye na Bungoma hadi mpakani. Mwaka 1931 treni ikaingia Kampala, na mtu akaweza kutoka Mombasa hadi Kampala bila kukanyaga meli ya ziwani.

Uamuzi huo ulizua mabishano makali. William McGregor Ross, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa idara ya ujenzi nchini Kenya, aliushambulia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1927. Hoja ya wakosoaji ilikuwa kwamba kazi ilitolewa bila zabuni ya wazi, na kwamba njia ilipindishwa ipite katika mashamba ya wazungu, mbali na maeneo ya Waafrika yaliyokuwa na watu wengi na mazao mengi. Waganda nao walinung'unika. Pamba yao ililipa nauli kubwa, ilhali mahindi ya masetla wa Trans Nzoia na Uasin Gishu yalisafirishwa kwa bei ya chini. Kwa maneno mengine, mkulima mdogo wa Busoga alimlipia nauli mwenye shamba kubwa wa Kitale.

Watetezi wa njia hiyo nao walikuwa na hoja. Treni ya Uganda inayopitia Kisumu ingepanda Mau, ishuke hadi usawa wa ziwa, kisha ianze kupanda upya. Kupitia Timboroa, walisema, kilele ni kimoja tu. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba kilele hicho kimoja kinaizidi Mau kwa mita zipatazo 250, na kwamba tawi la kutoka Kisumu lilikomea Butere. Kutoka Butere hadi Bungoma, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 40. Pengo hilo halikuzibwa.

Chuma juu ya chuma

Dereva wa lori anayepanda barabara kutoka Burnt Forest anaweza kushangaa kuambiwa kwamba mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 ni mkali. Barabarani mwinuko huo haumfanyi hata abadilishe gia. Kwenye reli ni habari nyingine. Gurudumu la chuma linalobingirika juu ya chuma husumbuliwa kidogo sana na msuguano, na ndiyo sababu injini moja huvuta mamia ya tani kwenye tambarare. Lakini chuma juu ya chuma pia hushikana kidogo tu. Mlima unapoanza, neema inageuka kuwa balaa.

Chukua treni ya tani 300 kwenye mwinuko wa mita 2 kwa 100. Uzito unaoivuta kuirudisha nyuma ni sawa na tani 6, na huo haupungui hata sekunde moja. Kona nazo zinaongeza mzigo, kwa sababu kingo za magurudumu husuguana na reli. Mhandisi anayetaka kupunguza ukali wa mlima hurefusha njia kwa kuizungusha kwenye mabega ya vilima, lakini kila mzunguko unazaa kona nyingine. Ndiyo maana abiria aliyechungulia dirishani kati ya Maji Mazuri na Timboroa aliweza kuona injini ya treni yake mwenyewe ikipita ubavuni.

Fikiria sasa treni nzima, injini ikiwemo, yenye uzito wa tani 500, inayoinuliwa kutoka Bungoma hadi kilele cha Timboroa. Injini ya mvuke hupoteza sehemu kubwa ya joto lake kupitia bomba la moshi. Kinachofika kwenye magurudumu ni nadra kuzidi asilimia 8 ya nguvu iliyomo katika mafuta. Kwa kipimo hicho, kuushinda mlima peke yake, bila kuhesabu msuguano wala kusimama na kuondoka, kulidai tani 2 na zaidi za mafuta mazito na takriban lita 25,000 za maji yaliyogeuzwa mvuke. Matangi ya maji yaliyosimama kandokando ya njia yalikuwa sehemu ya mtambo, sawa na boila yenyewe.

Injini ya kawaida haikutosha kazi hiyo. Njia ilikuwa nyembamba, mita 1 kati ya reli na reli. Reli zenyewe zilikuwa nyepesi, na kona zilikuwa kali. Injini kubwa ingevunja reli, na ndogo isingevuta kitu. Jibu lilipatikana kwa Beyer, Peacock, kiwanda cha Manchester, Uingereza, kilichokuwa kikiunda injini za aina ya Garratt tangu mwaka 1909. Mbunifu wa aina hiyo, Herbert Garratt, alikuwa ameligeuza tatizo. Badala ya kuiweka boila juu ya magurudumu, aliitundika katikati, ikabebwa na mitambo miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mmoja ukiwa na magurudumu na pistoni zake. Uzito ukagawanywa kwenye ekseli nyingi. Injini ikapinda kwenye kona. Na kwa kuwa hapakuwa na magurudumu chini ya tanuri, tanuri lilipanuliwa kwa kadiri ilivyohitajika.

Garratt za kwanza za reli ya Kenya na Uganda ziliwasili mwaka 1926, mwaka uleule reli ilipoingia Kitale. Zilifuatiwa na nyingine zenye nguvu zaidi. Zile za daraja la 60, 29 kwa jumla, zilizotengenezwa mwaka 1953 na 1954, ziliweka mzigo wa tani 11 tu kwenye kila ekseli, kwa hiyo ziliweza kupita mahali ambapo dada zao wakubwa wangeponda njia. Dada hao wakubwa ni wale wa daraja la 59, injini 34 zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na tani 252 na urefu wa zaidi ya mita 31. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita 1 iliyowahi kuzizidi duniani, na makao yake yalikuwa njia ya Mombasa na Nairobi, ambako reli ilikuwa nzito.

Majina ya injini za daraja la 60 nayo yana simulizi. Zilipofika zilibandikwa vibao vyenye majina ya magavana wa kikoloni. Baada ya uhuru vibao hivyo viling'olewa, na injini zikaendelea kuvuta mabehewa kwa namba tu.

Kazi ya watu wawili

Ndani ya injini, mlima ulikuwa kazi ya dereva na mchochea moto. Mwanzoni walichoma kuni na makaa ya mawe. Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, reli ilihamia kwenye mafuta mazito, na sepeto ikawekwa kando. Mtu asidhani kwamba kazi ilikuwa rahisi. Mchochea moto alishika vali ya mafuta na kutazama moshi kila dakika. Moshi mweusi ulimwambia mafuta yamezidi. Moshi mweupe ulimwambia hewa imezidi na joto linapotea. Masizi yakijaa katika mabomba ya boila, alitupa mchanga tanuruni, mvuto mkali wa hewa ukauburuta mchanga huo ndani ya mabomba na kuyasugua, na bomba la moshi likatapika wingu jeusi juu ya mabehewa. Aliyevaa shati jeupe na kukaa karibu na dirisha alijua mwenyewe.

Mchanga ulikuwa na kazi nyingine pia. Mvua ikinyesha, au majani yakilowa juu ya reli, magurudumu yalianza kuzunguka mahali pamoja bila kusogea. Dereva alipunguza mvuke haraka, akafungulia mchanga udondoke mbele ya magurudumu, kisha akaongeza mvuke polepole. Akichelewa, treni ilisimama. Na treni ya mvuke iliyosimama katikati ya mlima haiondoki kirahisi.

Hatari isiyoonekana na abiria ilikuwa kileleni. Treni inapopanda, maji ndani ya boila huegemea nyuma, upande wa tanuri. Inapovuka kilele na kuinamisha pua, maji hukimbilia mbele, na dari ya tanuri inaweza kubaki bila maji juu yake huku moto ukiwaka chini. Chuma hicho kikipata moto kupita kiasi hulegea, na boila inaweza kupasuka. Kwa hiyo wanaume wale hawakuweza kumaliza maji yao kwenye mwinuko wakidhani kazi imekwisha. Walilazimika kufika Timboroa na akiba ya kutosha ndani ya boila. Kisha zikaja breki, na harufu ya chuma kilichoungua ikawafuata hadi Nakuru.

Blanketi na kuku

Ndani ya mabehewa, mlima ulijulikana kwa baridi. Bungoma ni nchi ya joto, ya ndizi, miwa na tumbaku. Aliyeondoka huko na shati moja alijuta alipofika Ainabkoi usiku. Waliozoea safari walibeba blanketi, na wasio nalo walibanana. Karibu na Timboroa treni ilikata mstari wa Ikweta, na stesheni iliyokuwa hapo ilipewa jina hilohilo, Equator. Kwa aliyedhani Ikweta ni joto, hapo ndipo alipopata somo la jiografia.

Ubaguzi wa enzi hizo ulionekana wazi katika madaraja ya mabehewa. Wazungu walikuwa daraja la kwanza, Wahindi wengi daraja la pili, Waafrika daraja la tatu kwenye viti vya mbao. Wote walipanda mlima uleule kwa mwendo uleule, lakini baadhi yao waliupanda wakiwa mezani katika behewa la chakula.

Reli ndiyo iliyoitengeneza Bungoma kuwa mji. Stesheni ilizaa maduka, maduka yakazaa soko, na soko likawavuta watu kutoka Kimilili, Chwele na Sirisia. Webuye, ambayo wakati huo iliitwa Broderick Falls kwa sababu ya maporomoko ya mto Nzoia, ilisubiri zaidi. Mwaka 1974 kiwanda cha karatasi cha Pan African kilifunguliwa hapo, na reli ikawa karibu kwa ajili ya shehena zake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009.

Kitale ulikuwa na hali tofauti, kwani ni mwisho wa njia. Tawi lake lina urefu wa kilomita kama 65 kutoka Leseru, likipita Moi's Bridge, iliyoitwa Hoey's Bridge enzi za ukoloni. Mji uko kwenye mita 1,900 hivi, kwa hiyo treni yake haikuwa na mlima wa kutisha kabla ya kuungana na njia kuu. Njia kama hizi zilihudumiwa na injini ndogo zaidi, hasa zile za daraja la 24, zilizokuwa na magurudumu manane ya kuvuta na uzito wa kufaa reli nyepesi. Treni ya tawi ilikuwa mchanganyiko: mabehewa ya mahindi na ngano mbele, ya abiria nyuma, na subira nyingi. Abiria wa Kitale alizoea kusubiri mizigo ipakiwe, kwa sababu mizigo ndiyo iliyoileta reli hapo.

Dizeli na baada yake

Injini kubwa za dizeli zilianza kuingia Afrika Mashariki mwaka 1960. Mlima ndio uliozipa ushindi. Dizeli hutumia mafuta machache mno kwa kazi ileile, haihitaji matangi ya maji kila baada ya stesheni kadhaa, na injini mbili zinaweza kufungwa pamoja zikaendeshwa na dereva mmoja. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Shirika la Reli la Kenya likaanza kazi mwaka 1978, na kufikia mapema miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha katika njia za Kenya.

Mwenye kutaka kuziona injini hizo aende Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Pale zimo Mount Gelai na Mount Shengena za daraja la 59, moja ya daraja la 60, na injini namba 2401, ya ukoo wa zile zilizohudumia matawi. Mtoto wa Kitale au Bungoma anayezitazama leo huenda hajawahi kupanda treni kutoka kwao, kwa kuwa safari za abiria zilizidi kuwa chache hadi zikakoma, na mabasi yakaichukua barabara ya Eldoret.

Reli ya zamani haijafa. Njia kati ya Longonot na Malaba ilikarabatiwa mwaka 2021 ili makasha yanayofika Naivasha kwa reli mpya ya kisasa, SGR, yaendelee hadi mpakani, na treni za mizigo bado zinapanda Timboroa na kupita Bungoma.

Lakini mpango wa kuipeleka SGR Malaba haufuati njia hiyo. Umechorwa kupita Narok, Bomet na Nyamira hadi Kisumu, kisha Yala na Mumias hadi mpakani, katika nchi ileile iliyorukwa miaka ya 1920. Ukitekelezwa, Timboroa haitakuwa tena kwenye njia kuu ya kwenda Uganda, na Bungoma itakuwa na reli mbili za kuchagua, ya zamani mjini na mpya upande wa kusini. Eldoret na Kitale zitabaki na ile ya zamani peke yake. Mkulima wa Trans Nzoia anayetaka kupeleka mahindi yake kwa treni bado atahitaji tawi la Leseru lifufuliwe, na injini itakayoukabili mlima uliochaguliwa kwa ajili ya mashamba yaleyale.